Klorini iliyokuwa ikiisha mchana

Wakati ule nilikuwa natunza bwawa la kuogelea kwenye nyumba ya wageni moja pale Rau, Moshi. Wageni wetu wengi walikuwa wapanda mlima. Mtu anashuka Kilimanjaro na vumbi la wiki nzima, magoti yanamuuma, na kabla hata ya kuulizia chakula anauliza bwawa liko wapi. Kwa hiyo Juni ilipoingia na makundi yakaanza kurudi, maji yetu kugeuka ukijani ulikuwa msiba wa nyumba nzima, kuanzia jikoni hadi mapokezi.

Bwawa lenyewe lilikuwa la chumvi. Watu wengi wakisikia hivyo hudhani halina klorini. Linayo, ila inatengenezwa pale pale. Maji yenye chumvi kidogo, kama gramu tatu kwa lita, yanapita kwenye seli yenye sahani za titani. Umeme unapitishwa kati ya sahani hizo na sehemu ya chumvi inageuka klorini. Klorini ikishaua vijidudu inarudi tena kuwa chumvi. Ndiyo maana chumvi ya bwawa haiishi kwa kutumika. Inapungua pale tu maji yanapotoka bwawani.

Na mwaka ule maji yalitoka. Masika ya Moshi mnayajua: bwawa lilijaa, likamwagikia bustanini, likajaa tena. Mvua ilipokatika, mashine ikawasha taa ya upungufu wa chumvi. Nikapima nikakuta gramu 2 kwa lita, wakati tulizoea kukaa kwenye 3.2. Bwawa lilikuwa la lita 60,000, kwa hiyo zilihitajika kilo 72. Nikamwaga mifuko mitatu ya kilo 25, nikasugua sakafu kwa brashi hadi punje zote zikayeyuka. Taa ikazima.

Klorini haikupanda. Tuliyachapa maji klorini ya unga jioni, yakarudi bluu, lakini kesho yake mchana nikisaga kidonge cha kupimia ndani ya kichupa, maji hayageuki rangi. Nikapandisha mashine hadi asilimia 100, nikaongeza saa za pampu. Wapi! Mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Mama, akamwita fundi kutoka duka moja la vifaa vya mabwawa. Fundi akafungua seli, akaichungulia, akasema imekufa, inunuliwe mpya. Bei aliyoitaja ilimfanya Mama avute kiti akae.

Hadi leo sipendi fundi anayetoa hukumu bila kupima chochote. Kwenye zile sahani niliona utando mwembamba mweupe wa chokaa, basi. Nikachanganya tindikali, sehemu moja kwa nne za maji, nikiimimina tindikali kwenye maji na siyo maji kwenye tindikali, nikailoweka seli hadi mapovu yakakoma. Sahani zikatoka nyeusi, rangi moja, hakuna palipobanduka. Nikairudisha mahali pake. Mchana klorini ikawa haipo vilevile.

Jirani yetu mmoja alikuwa mzee aliyestaafu kazi ya kusafisha maji ya mji. Alikuwa akija jioni kunywa kahawa na mtunza bustani wetu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nasikia mashine yenu imekufa. Nani kaipima?"

Nikamweleza yote. Akaniuliza napima saa ngapi. Nikamwambia saa nane mchana, kwenye kona ya ngazi.

"Kesho mashine ikiwa inafanya kazi, kinga maji pale yanaporudi bwawani, kwenye mdomo wa bomba. Halafu ujaze kichupa kingine maji ya kona yako. Uviweke vichupa pamoja."

Nilifanya hivyo. Kichupa cha kona kilibaki cheupe. Kile cha mdomo wa bomba kiligeuka waridi iliyokoza, nikakiinua juani nikakizungusha nikidhani labda nimeweka vidonge viwili. Seli ilikuwa inatoa klorini sawasawa. Swali likawa moja tu: inakwenda wapi?

Mzee akanipa kazi nyingine. Jioni jua likizama niweke klorini ya unga kiasi, pampu izunguke, nipime, nizime mashine ya chumvi, nipime tena alfajiri kabla jua halijachomoza. Jioni nilipata miligramu 4 kwa lita. Alfajiri, 3.5. Klorini ilikuwa imelala salama usiku kucha. Kwa hiyo hakukuwa na mwani uliojificha wala uchafu wa kuimaliza, maana hivyo vinakula usiku kama vinavyokula mchana. Nikawasha mashine. Ilipofika saa nane, ikiwa inazalisha kwa nguvu zake zote, klorini haikufika hata nusu miligramu.

"Jua," nikamwambia.

"Jua. Sasa niambie, chumvi iliondoka na nini?"

"Na maji ya mvua."

"Na kitu gani kingine kilikuwa ndani ya maji hayo?"

Hapo ndipo nilipopata picha. Stabilaiza, yaani asidi ya sayanuriki, ndiyo inayoikinga klorini na miale ya urujuanimno. Isipokuwepo, jua kali linaweza kumaliza nusu ya klorini ya bwawa ndani ya saa moja au chini ya hapo, na seli inatengeneza kidogo kidogo. Haiwezi kushindana na jua la Moshi. Zamani, kabla ya mashine ya chumvi, tulitumia vidonge vikubwa vya klorini, na vile huja na stabilaiza ndani yake. Hakuna aliyelazimika kuikumbuka. Tulipohamia chumvi vidonge vikakoma, na tangu hapo kila tulipoosha filta, kila wageni walipomwaga maji nje, ikawa inatoka bila kurudishwa. Masika yakamalizia.

Kuipima kunapendeza. Unachanganya maji ya bwawa na dawa yake, yanachafuka kama maziwa, kisha unayamimina polepole kwenye bomba dogo la plastiki lenye doa jeusi chini, huku ukichungulia kwa juu. Pale doa linapopotea ndipo unaposoma kipimo. Langu halikupotea. Nilijaza bomba hadi mdomoni na doa likabaki linanitazama, jeusi kabisa, yaani stabilaiza karibu haipo. Nikamwita Mama aje aone kwa macho yake.

Tuliweka kilo 3, zinazotosha kuleta miligramu 50 kwa lita katika bwawa lile. Nilizigawa kwenye soksi nikazining'iniza mbele ya bomba la kurudisha maji, nikawa nazikamua asubuhi na jioni, kwani dawa hii ni nzito kuyeyuka. Sikuzidisha. Ikiwa nyingi mno inaibana klorini isiue, na kuipunguza ni kumwaga maji tu.

Wiki iliyofuata nilipima saa nane, jua la wazi, kwenye kona ileile ya ngazi. Miligramu 3. Nikashusha mashine hadi asilimia 60 na klorini ikatulia hapo. Mzee akaniambia sasa nichunge pH, yaani kipimo cha asidi na alkali majini, kwani bwawa la chumvi huipandisha lenyewe, nisiiache ipite 7.8.

Mama alipiga simu mwenyewe kusema seli mpya haitakiwi tena. Kisha akaniambia nichore safu nyingine kwenye daftari la bwawa, stabilaiza pembeni ya chumvi, ipimwe kila mvua zikikatika. Seli ile iliyoambiwa imekufa niliiacha ikifanya kazi siku nilipohama pale.