Breki zilizonishusha salama kutoka Lushoto hadi Mombo

Chini kidogo ya Soni, ukishayapita yale maporomoko ya maji na barabara ikaanza kujikunja kama utumbo wa mbuzi, mkono wangu wa breki uligusa usukani. Niliubana wote, mpaka vidole vikauma, na baiskeli ikawa bado inakwenda. Mbele kulikuwa na Fuso la kabichi likishuka polepole kwa gia nzito, upande wa kulia bonde. Nikachagua mtaro wa kushoto. Nilitoka na goti lililochunika, na harufu ya kitu kilichoungua ikitoka kwenye gurudumu la mbele.

Kwa asiyeijua njia hiyo ya milima ya Usambara: Lushoto hadi Mombo ni kilomita zipatazo 33, na unashuka zaidi ya mita 900. Kupanda huwa napanda basi, baiskeli juu ya keria. Kushuka ndiyo raha yenyewe. Nina kilo 84, na Jumamosi huwa nabeba begi la vifaa vya kazi lenye kilo nyingine nane hivi. Uzito wote huo ulikuwa unashikwa na diski mbili, sahani za chuma zenye upana wa milimita 160, za breki za waya, kwenye baiskeli ya mtumba iliyotoka Ujerumani.

Nilikuwa nimeshaamua kwamba breki za waya ni takataka na dawa ni kununua za mafuta, zile zinazobana kwa msukumo wa mafuta badala ya waya. Ila hela haikuwepo mwezi ule, na ukosefu huo wa hela ndio ulionifundisha. Ilinibidi nizifungue zile nilizokuwa nazo nizitazame.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni hiki. Kwenye breki ya waya kama yangu, pedi (kile kipande kinachoibana diski) inayosogea ni moja tu, ile ya nje. Waya unavuta mkono mdogo pembeni mwa kalipa, yaani kibano kinachozishika pedi, mkono unaisukuma pedi ya nje, pedi inaisukuma diski ipinde kidogo mpaka iguse pedi ya ndani, ambayo yenyewe imekaa tu. Pedi ikilika, ile ya ndani husogezwa kwa kuzungusha kitufe chenye meno nyuma ya kalipa. Miaka miwili mimi na fundi wangu hatukuwahi kukigusa. Kila breki ikilegea tulikuwa tunakaza waya. Ukikaza waya sana, ule mkono mdogo unaanza safari ukiwa umeshafika katikati, na nguvu ya kuvuta iliyobaki ni kidogo. Pedi zangu zilikuwa zimebaki unene wa karatasi, huku waya umekazwa kama uzi wa zeze.

Kitu cha pili kilikuwa aibu kidogo. Wiki chache kabla, breki zilikuwa zinalia kama kuku anayechinjwa, nikampelekea fundi. Akachukua chupa ya mafuta ya mnyororo, akapulizia kwenye diski. "Kelele imekwisha, kaka." Kweli ilikwisha. Na breki nazo zikaisha. Pedi ni kama sifongo, ikishakunywa mafuta hairudi kuwa pedi. Nimesikia watu wanazichoma kwenye jiko kutoa mafuta. Nilijaribu, nikapata moshi mwingi na pedi ile ile inayoteleza.

Kwa hiyo duru ya kwanza ilinigharimu pesa ndogo tu: pedi mpya, waya mpya, na spiriti ya kufutia diski kwa kitambaa safi. Diski nilizipitisha msasa laini kwanza, kwa kuzungusha, kisha spiriti mara mbili mpaka kitambaa kikatoka cheupe. Baiskeli ikawa nyingine. Ningekuwa mtu wa kuridhika haraka, ningeishia hapo.

Lakini mteremko wa Soni ni mrefu. Joto ndilo linaloua breki huko, na diski ndogo inapata moto haraka na haina pa kuupeleka. Nikaagiza diski ya milimita 180 ya mbele kutoka Kariakoo, pamoja na kile kipande cha chuma kinachosogeza kalipa juu ili iifikie diski kubwa. Hesabu yake haihitaji digrii: kalipa inashika mbali zaidi na katikati ya gurudumu, basi kwa mkono ule ule unapata nguvu ya kusimamisha iliyozidi kwa karibu asilimia 12. Na chuma ni kingi zaidi cha kupokea joto. Wapo wanaoweka ya milimita 203 mbele. Kabla ya kufika huko, angalia foki yako, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, inaruhusu ukubwa gani, maana nguvu yote ya breki ya mbele inaishia kwenye miguu ya foki. Yangu inaishia 180, mjadala ukafungwa.

Kwa nini mbele na si nyuma? Ukifunga breki, uzito wote unakimbilia mbele na gurudumu la nyuma linabaki jepesi. Ukiliongezea nguvu utapata kuburuza tairi na vumbi. Ya nyuma niliiacha na 160 yake, na waya wake, mpaka leo.

Ile diski mpya ya mbele nusura niiharibu siku ya kwanza. Nilikuwa nimenunua pedi za chuma, zile ngumu zinazovumilia joto na tope. Nilipoisogeza diski karibu na taa nikaona maandishi madogo ya Kiingereza yaliyochorwa ukingoni, kwamba itumike na pedi za resini tu, zile laini. Chuma cha diski za bei nafuu ni laini, pedi ngumu zinakikwangua. Nikazirudisha dukani kwa basi zibadilishwe, siku nne zikapita.

Miezi mitano baadaye hela ikapatikana na nikanunua breki ya mafuta ya mbele, Shimano MT200, ambayo ni ya chini kabisa kwenye ukoo wake na inanitosha sana. Hapa zote mbili, pedi ya ndani na ya nje, zinasukumwa na pistoni, na zikilika zinajisogeza zenyewe. Habari ya kitufe chenye meno ikaishia hapo.

Tatizo lilikuwa mkono wa breki. Tangu utotoni, breki yangu ya mbele iko kulia. Seti niliyonunua ilikuja kwa desturi ya Wazungu wa bara: mkono wa kushoto una mpira (bomba la kupitishia mafuta) mfupi wa gurudumu la mbele, wa kulia una mrefu wa nyuma. Nilipoinunua hii baiskeli nilibadilisha waya kwa dakika kumi. Mpira wa mafuta ni habari nyingine. Ilibidi nitumie mkono wa kulia, nikate mpira wake mrefu, na ukishakata, hewa imeingia. Lazima kutoa upepo huo kwenye mafuta.

Fundi akaja na chupa ya mafuta ya breki ya pikipiki. Nikamshika mkono.

"Mafuta ya breki ni mafuta ya breki," akasema.

"Siyo, fundi. Breki hii inataka mafuta ya madini, haya ya Shimano. Hayo yako yatakula sili za ndani, ile mipira inayozuia mafuta yasivuje."

Hakukubali, ila aliniachia. Mafuta ya Shimano yana rangi nyekundu. Unafunga kikombe kidogo juu kwenye mkono wa breki, chini kwenye kalipa unachomeka bomba la sindano lenye mafuta, unatoa pedi na kuweka kipande cha plastiki mahali pake, kisha unasukuma mafuta kutoka chini kwenda juu. Viputo vinapanda kwenye kikombe kimoja kimoja. Unagonga mpira kwa mpini wa bisibisi, vinapanda vingine. Tulikaa hivyo saa nzima, fundi akivihesabu kama mtoto anayetazama samaki. Mkono ukitoka kuwa mlaini kama embe bovu na kuwa mgumu kama jiwe, hewa imekwisha. Pedi zirudishwe baada ya kila kitu kufutwa kwa spiriti, na mikono ioshwe kwanza.

Pedi mpya hazishiki mpaka zizoeane na diski. Kwenye mteremko mfupi nyuma ya nyumba, nilikimbia kiasi, nikabana mpaka mwendo wa mtu anayetembea, nikaachia, bila kusimama kabisa na bila kulifunga gurudumu. Kama mara ishirini na tano. Mara kumi za kwanza nilidhani nimepoteza hela. Kwenye ishirini breki ikaanza kuuma. Kwenye ishirini na nne, nikiwa nimezoea kubana kwa vidole vinne, tairi la nyuma likanyanyuka na kidevu kikaja juu ya usukani. Sasa natumia kidole kimoja.

Jumamosi iliyofuata nilishuka hadi Mombo. Kulikuwa na ukungu na manyunyu, diski ikalia kwenye kona mbili za kwanza, kisha ikakauka na kunyamaza. Nabana kwa nguvu kabla ya kona, naachia, diski inapata kupumua. Zamani nilikuwa naburuza breki njia nzima. Penye ule mtaro wangu kulikuwa na lori limeegeshwa, magurudumu yakifuka moshi, utingo anasubiri yapoe. Nikampungia mkono wa kushoto.

Chupa ya yale mafuta mekundu ilibaki nusu. Fundi ameniomba, maana kuna kijana mwingine pale stendi amepata baiskeli ya breki za mafuta. Nimempa, ila ubavuni nimeandika kwa kalamu nene: SI YA MNYORORO.