Laptopu ya mtumba kutoka Marekani: kagua haya kabla haijapanda ndege

Ombi kutoka nyumbani huwa fupi: "Nitafutie laptopu, huko kwenu ni bei rahisi." Rahisi ni kweli. Makampuni ya Marekani hubadilisha mashine kila baada ya miaka michache, na zile za zamani huishia eBay, Facebook Marketplace na kwenye maduka ya vyuo vikuu yanayouza vifaa vilivyotumika. Ila kasoro ukiigundua ukiwa Houston, unairudisha. Ikigunduliwa Mwanza, imekula kwako. Kwa hiyo anza na yale ambayo fundi wa kule hawezi kuyatengeneza.

Kubwa kuliko yote ni kufuli ya kampuni. Mashine ya ofisi inaweza kuwa bado imesajiliwa kwa mwenye nayo wa zamani, hata kama imefutwa na kuwekewa Windows mpya. Bila intaneti haioneshi neno. Siku unapoianzisha ikiwa na Wi-Fi, inaleta jina la kampuni na kudai barua pepe ya mfanyakazi. MacBook huleta ukurasa wa "Remote Management" au "Activation Lock". Chromebook ya shule ndiyo sugu: ukiifuta, inajisajili tena kwa shule ile ile. Usajili uko kwenye seva na umefungwa na mashine yenyewe, kwa hiyo kubadilisha diski hakusaidii. Mwambie muuzaji aje nayo ikiwa imeshafutwa, mkutane penye Wi-Fi (maktaba ya umma inafaa), uiunganishe na kuianzisha hatua zote mpaka uone skrini ya kazi. Ndipo utoe hela.

Kisha izime, iwashe, na ubonyeze F1 kwa ThinkPad (za Lenovo), F2 kwa Dell, F10 kwa HP. Hapo ndipo BIOS, yaani mipangilio ya ndani inayotangulia Windows. Ikidai nywila na muuzaji haijui, mrudishie mashine yake. Kwa ThinkPad nyingi, jibu la mtengenezaji mwenyewe ni kubadilisha bodi nzima. Ukiingia, tafuta sehemu ya usalama uone mstari wa Absolute, programu ya kuifuatilia mashine kwa mbali. Neno "Enabled" peke yake lisikutishe. Hali ikisomeka "Activated" au "Active", maana yake kampuni bado inaweza kuifuatilia na kuifunga.

Umri wa prosesa ni jambo la dakika moja. Windows 10 ilikatiwa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu. Soma namba inayofuata kistari: i5-8350U inapita, i5-7300U haipiti. Njia za mkato zipo, lakini usimpelekee shangazi mashine ya kubahatisha. ThinkPad T480, Latitude 7490 (ya Dell) na EliteBook 840 G5 (ya HP) zote zinapatikana na kizazi cha 8, na zina nafasi mbili za RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) unazoweza kujaza baadaye. ThinkPad X1 Carbon ni nyepesi na inavutia, ila RAM yake imechomelewa kwenye bodi. Ukinunua ya GB 8, utabaki na GB 8. Ukichukua T480, sasisha programu ya ndani ya Thunderbolt (inayoendesha tundu la USB-C) kabla ya kuituma. Toleo la zamani lina hitilafu inayoweza kuua uchaji wa USB-C.

Betri: fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili linalotengenezwa. Linganisha "Design Capacity" (uwezo wa betri ikiwa mpya) na "Full Charge Capacity" (uwezo wake wa sasa). Ukiona 50,000 kwa 32,000, imebaki asilimia 64. Chini ya hapo, hesabu kabisa bei ya betri mpya.

Umeme wa Marekani ni volti 120, wa kwetu ni 230 hadi 240. Chaja ya laptopu kwa kawaida haina shida, mradi imeandikwa 100–240V. Kinachohitajika ni waya tu, ule wa tundu tatu upande wa chaja na plagi ya pini tatu bapa upande wa ukutani. Achana na kibadilisha plagi cha kuchomekachomeka. Kikilegea kinapata moto.

Printa ya leza ni habari nyingine. Ya Marekani mara nyingi ni ya volti 120 tu, kwa sababu ya kipashio kinachoyeyushia tona, na ukiichomeka Dar inaungua. UPS (kifaa cha umeme wa akiba) ya Marekani vivyo hivyo. Printa za wino nazo katriji zake zinaweza kufungwa kwa eneo moja la dunia tu, kwa hiyo ya dukani kule ikakataliwa. Printa inunuliwe kule kule.

Kwenye safari, laptopu ikae kwenye begi la mkononi. Betri ya akiba hairuhusiwi kabisa kwenye mzigo unaopakiwa chini ya ndege: ibebe mkononi, ncha zake zikiwa zimefunikwa kwa selotepu. Kikomo bila kuomba ruhusa ni Wh (wati-saa) 100. Kama betri imeandikwa V (volti) na Ah (ampea-saa) tu, zidisha: 11.4 mara 4.2 ni Wh 48 hivi. Ile kubwa ya nje ya T480 ina Wh 72, inapita.