Mstari umejaa, lakini harusi bado iko kwenye RAM

Kama unawakabidhi wateja kazi kwenye diski za nje, nisikilize kwa hili: mstari wa kunakili ukijaa, faili zinaweza kuwa bado hazijafika. Naliandika kwa sababu kazi yangu ni video za harusi, na nikaha hairudiwi ili mpiga picha apate nafasi ya pili.

Kompyuta yetu ya mezani hapa studio, Ngamiani, Tanga, inatumia mfumo wa Linux Mint na ina RAM (kumbukumbu ya muda, inayofutika umeme ukikatika) ya GB 16. Ukihamishia harusi kwenye diski ya mteja, mstari hukimbia mwanzoni, kisha unasuasua, mwishowe dirisha linajifunga huku taa ya diski bado inapepesa. Linux hupokea data kwenye RAM kwanza, inaijibu programu kwamba imepokea, halafu ndiyo inaandika kwenye diski taratibu. Kwa mpangilio wake wa kawaida inaruhusu data inayosubiri kuandikwa ifike hadi asilimia 20 hivi ya RAM iliyo wazi. Kwetu hapa inaweza kukaribia GB 3. Diski iliyochomekwa kwenye tundu la USB 2.0 huandika MB 30 hadi 40 kwa sekunde, kwa hiyo mzigo huo unataka kama dakika moja na nusu baada ya mstari kujaa. Flashi ya bei rahisi inayoandika MB 5 kwa sekunde itataka dakika 10.

Ukitaka kuona kwa macho yako, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike:

grep -e Dirty -e Writeback /proc/meminfo

Rudia amri hiyo kila baada ya sekunde chache, utaona namba ya Dirty, yaani data inayosubiri kuandikwa, inashuka. Au andika sync tu, ubonyeze Enter, usubiri. Isipomaliza kuandika, haikurudishii nafasi ya kuandika amri nyingine.

Sasa, hilo ni la kusubiri tu. Kuna lile la pili linalokera zaidi: kuandika kumekwisha, unabonyeza kutoa diski, kompyuta inakataa, inasema diski inatumika. Majuzi alikuja mama mmoja kuchukua video ya binti yake, basi la Pangani linamsubiri.

"Mwanangu, si uchomoe tu? Kila siku naona watu wanachomoa."

"Mama, naomba univumilie kidogo. Kuna kitu bado kimeishika."

Niliandika fuser -vm, ikifuatiwa na njia ya ile diski chini ya /media. Amri hii huorodhesha kila programu iliyoshikilia diski, na safu ya ACCESS inakueleza imeishikaje: herufi c maana yake programu imesimama ndani ya folda ya diski hiyo, f imefungua faili, na F kubwa imefungua faili kwa kuandika. Ukiona F, usiguse kitu. Siku ile ilikuwa f, na programu ilikuwa ffmpegthumbnailer, ile inayotengeneza vipicha vidogo vya video ili folda ipendeze. Folda ilikuwa na mamia ya klipu, nayo ilikuwa inazipitia moja moja. Nilifunga dirisha la folda, ikamaliza klipu iliyokuwa nayo, diski ikatoka vizuri. Mara nyingine mhusika huwa Kdenlive, programu ya kuhariri video, iliyoachwa na mradi wazi, au VLC iliyosimamishwa katikati ya wimbo.

Mtandaoni utashauriwa utumie umount -l. Mimi siikubali kabisa kwa kazi ya mteja. Inaiondoa diski machoni pako, lakini programu iliyoishika inaendelea kuishika na kuandika. Utachomoa ukiamini umemaliza.

Wanaotumia Windows wana nafuu kiasi. Tangu toleo la 1809 la Windows 10, mpangilio wa kawaida kwa diski za nje ni ule wa kutolewa haraka, ambao hauachi data ikisubiri kwenye RAM. Hata hivyo, ukichomoa wakati faili inaandikwa, imeharibika. Na Windows ikikataa kuitoa, fungua Event Viewer, sehemu ya System, utafute tukio namba 225 la Kernel-PnP: hapo imeandikwa programu gani imegoma kuachia.

Diski nyingi wanazoleta wateja zimepangwa kwa exFAT (mfumo wa kupanga faili kwenye diski), na exFAT haina kumbukumbu ya mabadiliko inayosaidia kurekebisha mambo uandishi ukikatizwa. Ndiyo maana pia nawasihi wenzangu wenye kompyuta za mezani wanunue UPS, ile betri ya akiba. Laptopu ina betri. Ya mezani umeme ukikatika, kila kilichokuwa kwenye RAM kimepotea, na diski ya mteja imeachwa nusu.

Utaratibu wangu sasa ni huu. Baada ya diski kutoka salama, naizima kabisa kwa udisksctl power-off -b /dev/sdb (hakikisha kwanza kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski, kwamba sdb ndiyo yenyewe), naishika kwa mkono mpaka mtetemo wa kuzunguka uishe, ndipo nachomoa kebo. Kisha naichomeka kwenye mashine nyingine, nafungua klipu iliyonakiliwa mwisho na kuisogeza mpaka dakika zake za mwisho. Ikicheza, mteja anapewa diski yake.