Ami na rula mbili

Mwaka wa kwanza chuo pale Tudor, Mombasa, kalkulasi ilikuwa inanienda poa, hadi tukafika zile intigro (yani eneo chini ya grafu, kutoka limiti moja hadi nyingine) ambazo limiti zake si namba, ni fankisheni za x, zinasogea x ikibadilika. Tukapewa tuidifarenshieti hii, yani tutafute inabadilika kwa kasi gani: intigro ya e^(−t²), limiti ya chini x, ya juu x². Sasa hiyo ukitaka kuiintigreti kwanza unagonga mwamba, manake intigro yake haiandikiki kwa fankisheni hizi tulizozoea, na darasa zima lilikuwa limekwama papo hapo.

Jumamosi jioni nikapita kwa ami yangu Kibokoni, yeye amesomesha hesabu miaka na miaka na ukimpelekea swali lazima kwanza unywe kahawa tungu na kashata, ndo mambo mengine yafuate. Akalitizama daftari, akaniambia, "Mwanangu, nani kakwambia uitafute hiyo intigro? Umeulizwa inabadilikaje basi."

Akageuza kalenda ya zamani upande mweupe, akachora grafu, kilima kinachoporomoka upesi sana, akasimamisha rula mbili juu yake, moja kwa x nyingine kwa x². "Eneo ndo hili lililo baina ya rula. Haya, isukume hii ya kulia kidogo. Umepata nini?"

Nimepata ukanda mwembamba! Urefu wake ni urefu wa grafu pale rula ilipo, yani e^(−x⁴), upana wake ni vile rula imesogea, na rula ya x² inakwenda kwa kasi ya 2x. Ya kushoto nayo ikisogea inakula ukanda wake, kasi yake 1, urefu e^(−x²). Kinachoingia toa kinachotoka: 2x·e^(−x⁴) − e^(−x²). Kwisha. Ile alama ya kutoa ambayo watu wanaikariri tu, mimi niliiona kwa macho ikikata eneo, na raha niliyosikia siku ile wallahi sijaisahau.

Ami hakuniachia hapo. "Tia x iwe 2." Rula ya kushoto iko 2, ya kulia iko 4 na inakimbia mara nne ya mwenzake, kwa hiyo nafasi baina yao inazidi kupanuka, ungedhani eneo linakua. Lakini kule kwa 4 kilima kimeshakwisha kabisa, e^(−16) ni kama hakuna kitu, na huku kushoto unapoteza e^(−4), karibu 0.018. Eneo linapungua! Nafasi inapanuka na eneo linapungua, na hesabu inakwambia hivyo bila kuintigreti hata kidogo.

Kisha akauliza, je x ikiingia mpaka ndani ya fankisheni yenyewe? Akachora grafu ya pili juu kidogo ya ile ya kwanza. Hapo hata rula zikitulia grafu yenyewe inasogea, kwa hiyo unadifarenshieti ndani kwa x, t unaiacha ilivyo, unaintigreti kwa limiti zile zile, unajumlisha na zile kanda mbili. Hiyo ndo kanuni yenye jina la Leibniz, mwanahesabu wa Kijerumani, yule yule aliyeanza kuandika alama ya intigro mwaka 1675.

Akanipa intigro ya sin(xt) kutoka 0 hadi x. Limiti ya 0 haisogei, haitoi kitu, nikaandika sin(x²) jumlisha intigro ya t·cos(xt) kutoka 0 hadi x. Akaipitia taratibu na kidole, akasema "barabara", akaniandikia nyingine ngumu zaidi niende nayo nyumbani.