Maji ya mwaka jana, Emporeios

Mara ya kwanza nilifika Nisyros, kisiwa cha volkano huko Ugiriki, kama wanavyofika wengi: boti ya asubuhi kutoka kisiwa cha Kos, basi hadi kasoko ya Stefanos, harufu ya salfa kama mayai viza, picha mbili tatu, kisha boti ya kurudi. Niliondoka nikiamini nimekiona kisiwa. Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, nilirudi nikakaa siku sita, nikalala Emporeios.

Kijiji hiki kimekaa juu ya ukingo wa kaldera, lile bonde kubwa lililobaki volkano ilipobomoka. Tetemeko la 1933 lilikiumiza vibaya, na watu wengi wakahamia Mandraki, bandarini. Nyumba kadhaa zimebaki kuta za mawe meusi bila paa. Katika moja nilikuta mtini umeota palipokuwa jikoni. Pale unapoingia kijijini kuna pango dogo. Volkano hulipasha moto kutoka chini, na jasho hukutoka kabla hujapata pa kuketi.

Bibi aliyenipangisha chumba alinionyesha kwanza birika la kuhifadhia maji ya mvua, lililo chini ya ua wake. Kisiwa hakina mto, na tangu zamani watu wameishi kwa maji ya mvua. Akateka kwa ndoo, akanimiminia. “Kunywa, mwanangu. Haya ya mwaka jana.” Yalikuwa baridi, na yana ladha ya jiwe.

Kutoka uani kwake unaona matuta yanavyoshuka hadi chini kabisa ya kaldera, kila moja limezuiwa kwa ukuta wa mawe yaliyopangwa kwa mkono bila saruji. Mizeituni, milozi, mitini. Nilianza kuyahesabu, nikafika arobaini, nikapotea. Kasoko ni kazi ya mvuke uliolipuka, lakini matuta yale ni migongo ya watu, na mimi ndiyo niliyoyaota usiku.

Nikia, ng'ambo ya pili ya ukingo, nilikwenda kwa ajili ya uwanja wake wa Porta, wa mviringo, uliotandikwa kokoto. Mzuri mno. Ila nilitaka kumwahi bibi kabla ya jioni, maana ndipo husimulia: jinsi Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale, alivyomega kipande cha Kos akamfunika nacho jitu Polybotes, ambaye hadi leo hulalama chini. Na jinsi wanawake wanavyovaa nyeusi na kukaa siku tisa katika monasteri ya Panagia Spiliani, wakifunga na kusujudu hadi sikukuu ya Bikira Maria, tarehe 15 Agosti. Yeye amekaa mara nne. Goti la kulia, alisema, bado linakumbuka.

Siku ya kuondoka alinijazia chupa kutoka birikani. Niliifungua tulipokuwa tukipita Gyali, kile kisiwa jirani ambacho ubavu wake mweupe unachimbwa jiwe jepesi la volkano na kupakiwa melini. Nikanywa nusu. Nusu nilifika nayo Kos.