Mtoto Asiyelalamika Ndiye Aliyekuwa Hatarini

Nina watoto wawili wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, na kwa miaka mingi niliamini ninajua yupi anaumwa zaidi. Mkubwa alikuwa akilia kwa maumivu ya mifupa kila ulipovuma upepo wa baridi wa Juni na Julai hapa Dodoma, nasi tukimkimbiza hospitali usiku. Mdogo wake, wa miaka sita, alicheza na kulala vizuri. Macho yake yalikuwa ya manjano na himoglobini yake, yaani kibeba oksijeni katika damu, haikuvuka gramu 7 kwa desilita, lakini kwa kuwa hakulalamika, sikumwona kuwa mgonjwa.

Daktari alipoagiza wote wapimwe kwa dopla, kifaa cha mawimbi ya sauti, kasi ya damu katika mishipa ya ubongo, niliomba mkubwa atangulie. Kifaa huwekwa kwenye panja, wala hakiumizi. Mkubwa alipata sentimita 140 kwa sekunde, mdogo 186. Chini ya 170 ni kawaida, na kuanzia 200 hatari ya kiharusi huwa kubwa.

Nilipouliza inakuwaje watoto wa baba na mama mmoja watofautiane hivyo, daktari alinieleza jambo ambalo natamani ningelijua mapema. Kasoro ya selimundu yenyewe ni ileile kwa wote wawili, ila jeni nyingine hubadili mwenendo wake. Vipimo vilionyesha kwamba mkubwa alirithi upungufu wa jeni za alfa, zinazotengeneza sehemu ya himoglobini, mmoja kutoka kwangu na mwingine kwa mama yake, kwa hiyo chembe zake nyekundu hazivunjiki haraka. Kiwango cha damu yake kiko juu kidogo, hivyo damu huwa nzito, na uzito huo huchangia maumivu, lakini ubongo wake unapata nafuu. Mdogo hakurithi upungufu huo. Chembe zake huvunjika kwa wingi, na himoglobini inayomwagika humaliza naitriki oksaidi, ile gesi inayoifanya mishipa ilegee, hata kuta zake zikanenepa na njia ikawa nyembamba.

Mdogo alianzishiwa haidroksiyurea, dawa ya selimundu, kila siku, pamoja na kupimwa damu mara kwa mara. Mama yangu alikataa katakata, akisema kumpa dawa mtoto asiyeumwa ni kumtafutia ugonjwa. Sikubishana naye, kipimo kilichofuata nilikwenda naye, akasikia mashine ikitoa mlio wa damu inayopita kwa kasi kichwani mwa mjukuu wake. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayempa dawa kila jioni, na anahakikisha chupa ya maji haikauki. Walimu wa mtoto nao niliwaeleza kwamba wakiona uso umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki, wasisubiri mtu anipigie simu, bali wampeleke hospitali mara moja.

Baada ya mwaka mmoja mdogo alisoma 161, na himoglobini yake ilifika 8.4. Mkubwa bado anateseka kila Julai, naye pia anatumia dawa, na wote wawili watarudi kwenye dopla kila mwaka hadi watimize miaka 16.