Namba moja ya kasi haikunitosha

Kila siku saa mbili usiku, seva ya ofisini kwetu hapa Tanga huanza kupeleka chelezo (nakala ya akiba, yaani backup) ya gigabaiti 300 kwenye kompyuta iliyoko chumba cha pili. Kabla ya saa tatu huwa imemaliza. Tulipopaka rangi na kusogeza makabati, ghafla ikawa inamaliza saa tisa na nusu usiku.

Niliishuku diski, nikaipima, nzima. Nikaishuku programu ya chelezo, nikaisakinisha upya. Intaneti haikunipa fununu yoyote: kifurushi chetu ni cha megabiti 30 kwa sekunde, na waya uliopoteza sehemu kubwa ya kasi yake bado huzipitisha bila shida. Alama ya mtandao kwenye skrini nayo ilisema tu kwamba tumeunganishwa.

Siku ya tatu ndipo nilipoendesha ethtool, amri ya Linux inayoonyesha hali ya kiungo cha mtandao, kwenye seva: Speed: 100Mb/s. Ile b ndogo ni biti. Gawanya kwa nane upate megabaiti 12.5, toa kinacholiwa na vichwa vya pakiti (taarifa za anwani zinazotangulia kila kipande cha data), unabaki na 11 na ushei. Programu ya chelezo ilikuwa ikinionyesha hiyo 11 tangu usiku wa kwanza! Zana mbili zilisema jambo lilelile kwa vipimo viwili, nami sikuziunganisha.

Kilichonisaidia hasa ni mistari ya juu yake, ile ambayo wengi huiruka. Kadi ya mtandao ya seva ilitaja 1000baseT/Full, yaani gigabiti moja (megabiti 1000) kwa sekunde, na swichi, kifaa kinachounganisha kompyuta zetu, upande wa pili ikatangaza hivyo hivyo. Kama pande zote mbili zinaiweza gigabiti na zimekubaliana, tatizo liko katikati. Kumbukumbu za kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, zilikuwa zimeandika wazi kwamba kasi imeshushwa, kagua waya.

Gigabiti hutumia jozi zote nne za nyaya ndani ya kebo. Megabiti 100 hutosheka na mbili. Mazungumzo ya kukubaliana kasi hupita kwenye hizo mbili tu, kwa hiyo jozi nyingine ikikatika mashine huahidiana gigabiti, hushindwa kuitimiza, kisha hushuka. Kebo yetu ilikuwa imebanwa na mguu wa kabati. Nikaibadilisha, na usiku ule chelezo ilichukua kama dakika 45.

Tangu hapo naamini kabisa kwamba zana ya kuonyesha kasi ya kiungo inapaswa kuweka pamoja kasi iliyopo, kasi ambayo pande zote mbili zinaiweza, na kipimo chake. Faili la speed ndani ya /sys, saraka ambamo Linux huonyesha hali ya vifaa, hutoa namba tupu, na waya ukichomolewa mara nyingi husoma -1. Nikaandika skripti fupi ya ofisini. Inasema: megabiti 100 kwa sekunde, zinawezekana 1000, kagua waya. Kama hakuna kiungo inaandika hakuna kiungo, basi.

Nimeiendesha kwenye mashine zetu zote 14. Moja ilikuwa na plagi iliyolegea, nikaikandamiza upya. Nyingine inapata mtandao kupitia simu ya mezani inayotumia waya wa mtandao, ambayo kikomo chake ni 100. Hiyo, skripti haikuilalamikia, na ndivyo nilivyotaka.